Kusanifu hifadhidata pale watumiaji wanapojitungia fomu zao wenyewe: EAV, jsonb au ALTER TABLE?

msanidi_kusini

Wanajukwaa, salamu.

Tunajenga mfumo wa kumbukumbu za vyama vya msingi vya ushirika, yaani AMCOS, na tumefikia mahali ambapo uamuzi mmoja wa usanifu utatubana kwa miaka mingi, kwa hiyo naomba mawazo ya waliokwisha kupita njia hii. Yapo mambo ambayo vyama vyote vinafanana: mkulima, shamba, mzigo uliopimwa kwenye mizani, stakabadhi ya ghala na malipo. Hayo tumeyawekea majedwali ya kawaida na hayatusumbui. Linalotusumbua ni yale ambayo kila chama kinataka kuyaongeza chenyewe. Chama cha korosho cha Mtwara au Lindi kinataka kuandika idadi ya mikorosho, umri wake na mifuko ya salfa, dawa ya mikorosho, aliyochukua mkulima. Chama cha kahawa cha Kagera kinataka kujua kama shamba ni la arabika au la robusta na kama limechanganywa na migomba. Chama cha tumbaku cha Tabora kinauliza idadi ya mabani ya kukaushia na miti iliyopandwa kufidia kuni. Katibu wa chama anataka kuongeza swali kwenye fomu yake leo na makarani walitumie kesho, bila kutupigia simu na bila kusubiri toleo jipya la programu.

Tunatumia PostgreSQL, programu ya hifadhidata, na tumekwisha kuzijadili njia tatu. Ya kwanza ni kumpa kila mtumiaji jedwali lake halisi, na kila anapoongeza uga, yaani swali la fomu, mfumo unatekeleza ALTER TABLE, amri ya kubadilisha muundo wa jedwali, kwa niaba yake. Ya pili ni ule muundo wa kitu, sifa na thamani unaojulikana kwa herufi EAV, ambapo kila jibu moja linakuwa rekodi yake katika jedwali moja refu. Ya tatu ni kuweka majibu yote ya fomu moja katika safu moja ya aina ya jsonb, yaani hati moja yenye majina ya nyuga na thamani zake.

Kila njia ina watetezi katika timu yetu, na mabishano yamekuwa ya nadharia mno. Naomba basi nieleze tunachohitaji kwa vitendo. Katibu lazima aweze kuuliza, kwa mfano, wakulima wote wenye mikorosho zaidi ya 50 ambao hawajachukua salfa msimu huu, na apate jibu akiwa bado ameshika simu yake. Namba lazima ibaki namba na tarehe ibaki tarehe. Majibu ya misimu iliyopita yasiharibike fomu inapobadilika. Na vyama vinaweza kufikia mamia, vyote kwenye seva moja ya wastani, kwa kuwa hatuna fedha za kumpa kila mmoja hifadhidata yake.

Je, ni njia ipi, na kwa nini?

---

mhandisi_eldoret

Ndugu msanidi, nitaanza na EAV kwa sababu ndiyo inayosemwa vibaya kuliko zote, na mara nyingi wanaoisema vibaya wameiona ikiwa imejengwa ovyo.

Katika sekta ya afya muundo huu umefanya kazi kubwa. OpenMRS, mfumo wa kumbukumbu za wagonjwa ulioanza mwaka 2004 na ambao ulianza kutumika mapema hapa Eldoret katika mpango wa huduma za afya wa AMPATH, una jedwali liitwalo obs ambalo kila rekodi yake ni uchunguzi mmoja: mgonjwa fulani, dhana fulani, wakati fulani, thamani fulani. Maana ya dhana haiko katika muundo wa jedwali hilo. Iko katika kamusi ya dhana, ambayo msimamizi wa hospitali huiongeza bila kumgusa msanidi programu. Sababu ya EAV kufaa pale ni kwamba mambo yanayoweza kupimwa kwa mgonjwa ni maelfu, ilhali yale yanayopimwa kwa mgonjwa mmoja katika ziara moja ni machache. Jedwali la kawaida lingekuwa pana kupindukia na karibu lote lingekuwa tupu.

Ukiitazama obs kwa makini utaona uangalifu ambao EAV nyingi za kienyeji hazina. Thamani haziwekwi zote katika safu moja ya maandishi. Kuna safu ya namba, safu ya tarehe, safu ya maandishi na safu ya jibu lililochaguliwa kutoka katika orodha, na kamusi ndiyo inayosema dhana hii inatumia safu ipi, kipimo chake ni nini na mipaka yake ya juu na ya chini ni ipi. Hili si jambo dogo. Ukihifadhi idadi ya mikorosho kama maandishi, basi 9 itakuwa kubwa kuliko 50, kwa sababu maandishi hulinganishwa herufi kwa herufi, na katibu wako atapewa orodha isiyo sahihi bila mfumo kutoa onyo lolote. Pili, uchunguzi ukirekebishwa, rekodi ya zamani hubatilishwa bila kufutwa, na mpya huandikwa ikielekeza kwa ile iliyotangulia. Historia unayoiomba inapatikana hapo hapo.

Gharama yake nayo niiseme wazi. Katika PostgreSQL kila rekodi hubeba kichwa cha baiti 24 pamoja na kielekezi cha baiti 4 ndani ya ukurasa, kabla hujaandika chochote cha kwako. Jibu la namba ndogo la baiti 4 litabeba mzigo huo, tena na utambulisho wa mkulima, wa uga na wa fomu, na juu yake faharasa moja au mbili za kuharakisha utafutaji. Fomu ya maswali 30 inakuwa rekodi 30. Na kuyarudisha majibu hayo katika mstari mmoja wa ripoti ndiko kunakochosha seva: ulizo lako la mikorosho na salfa litaliunganisha jedwali hilo mara mbili, na ripoti ya nyuga 12 italiunganisha mara 12, labda ukusanye kwanza kisha ugeuze rekodi ziwe safu. Ikumbukwe kwamba PostgreSQL, kwa mpangilio wake wa kawaida, maunganisho yakizidi manane huacha kutafuta mpangilio bora wa yote kwa pamoja na kufuata kwa kiasi kikubwa ule ulioandika wewe. Makatibu wako hawataandika SQL, lugha ya maulizo ya hifadhidata, kwa hiyo anayeandika ni mfumo wako, na mfumo wako lazima uandike vizuri.

Ushauri wangu: ikiwa nyuga ni nyingi sana, kila rekodi inatumia chache, na kila jibu linahitaji historia yake peke yake, basi EAV yenye aina halisi za data ni chaguo la heshima. Sioni kama fomu za wakulima ziko hivyo, kwa sababu karani hujaza karibu maswali yote ya fomu moja kwa wakati mmoja.

---

safu_na_rekodi

Nakubaliana na hitimisho la mwenzangu, na ndiyo maana naielekea jsonb. Fomu ya mkulima huandikwa mara moja, husomwa nzima, na hubadilishwa mara chache. Kuigawa katika rekodi 30 ili kuiunganisha tena kila inaposomwa ni kazi isiyo na faida.

PostgreSQL ilipata aina ya jsonb katika toleo la 9.4, Desemba 2014, na tofauti yake na aina ya json iliyoitangulia ni kwamba data huchanganuliwa wakati wa kuandikwa, hivyo kusoma ufunguo mmoja, yaani jina la uga na thamani yake, hakuhitaji kuyapitia maandishi yote upya. Namba za ndani yake huhifadhiwa kwa usahihi wa aina ya numeric. Mpangilio wa funguo hautunzwi, kwa hiyo mfuatano wa maswali kwenye fomu uwekwe mahali pengine, usiutegemee kutoka humo.

Sasa faharasa, kwa sababu hapa ndipo wengi hukata tamaa baada ya miezi michache. Watu huweka faharasa ya GIN, inayoorodhesha vilivyomo ndani ya hati, juu ya safu nzima ya jsonb wakidhani kazi imekwisha. GIN ni nzuri kwa ulizo la usawa: nipe mashamba yote ambayo aina ya kahawa ni robusta. Ukitumia jsonb_path_ops inakuwa ndogo na ya haraka zaidi, ingawa unapoteza uwezo wa kuuliza kama ufunguo fulani upo. Lakini GIN haitakusaidia kwa "zaidi ya 50". Kwa ulizo la masafa unahitaji faharasa ya kawaida ya B-tree, inayopanga thamani kwa mfuatano, juu ya usemi unaochomoa ufunguo huo na kuugeuza kuwa namba. Faharasa hiyo ina faida ya pili ambayo haisemwi vya kutosha. Mpangaji wa maulizo wa PostgreSQL hana takwimu za kila ufunguo ulio ndani ya jsonb; hukisia tu, na makisio yake yakipotoka atachagua njia mbaya ya kuunganisha majedwali. Ukishaweka faharasa juu ya usemi, amri ya ANALYZE hukusanya takwimu za usemi huo, na kuanzia toleo la 14 la mwaka 2021 unaweza kuomba takwimu za usemi hata bila faharasa.

Tarehe nazo zina mtego. JSON haina aina ya tarehe, na ukijaribu kujenga faharasa inayogeuza maandishi kuwa date, PostgreSQL itakataa, kwa kuwa ugeuzaji huo unategemea mpangilio wa kikao na hauhesabiwi kuwa thabiti. Dawa yake ni nyepesi: lazimisha tarehe zote ziandikwe kwa mtindo wa mwaka, mwezi na siku, 2024-10-05, kisha weka faharasa juu ya maandishi yenyewe. Mtindo huo ukipangwa kialfabeti unakuwa umepangwa kwa tarehe.

Usiweke ndani ya jsonb kitu kinachobadilika mara kwa mara. Kubadilisha ufunguo mmoja huandika upya hati nzima, na rekodi ikizidi takriban kilobaiti 2 hifadhidata huanza kuibana na kuhamishia thamani zake kubwa pembeni, hivyo kila badiliko dogo linakuwa ghali. Uzito wa mizani na fedha za mkulima zibaki katika safu halisi zenye aina halisi na ufunguo wa kigeni, yaani kiungo kinacholindwa cha rekodi ya jedwali jingine. Hapo hapafai kuwa na uhuru wowote wa mtumiaji.

Mfano mzuri wa kujifunzia ni DHIS2, mfumo wa takwimu za afya unaoratibiwa na Chuo Kikuu cha Oslo, ambao Kenya imeutumia nchi nzima tangu 2011 na ambao Tanzania, Uganda na Rwanda pia zinautumia. Wizara ndiyo inayotunga vipengele vya data na fomu. Wasanidi hawavijui mapema. Thamani za takwimu za jumla, kama idadi ya chanjo za mwezi katika zahanati, zinakaa katika jedwali refu ambalo kila thamani ni rekodi. Thamani za matukio ya mtu mmoja mmoja nazo zilikuwa hivyo hivyo, hadi zilipohamishiwa katika safu ya jsonb kwenye toleo la 2.31. Na ripoti hazisomwi kutoka katika mojawapo ya hayo. Kwa ratiba iliyopangwa, mara nyingi usiku, mfumo hujenga majedwali ya uchambuzi ambamo kwa kila programu kuna jedwali lake na kila kipengele kina safu yake halisi, yenye aina na faharasa. Kwa maneno mengine, mfumo mmoja umetumia njia zako zote tatu, kila moja mahali pake: rekodi ya kila thamani pale panapohitaji hivyo, hati pale data inapoingia ikiwa fungu moja, na safu halisi pale inaposomwa kwa wingi.

Hilo la mwisho ndilo ningekusihi uliige mapema. Kwa kila fomu, mfumo wako utengeneze wenyewe jedwali-mwonekano lililohifadhiwa, yaani MATERIALIZED VIEW, lenye safu moja kwa kila uga. Katibu akiomba faili la Excel, lisomwe kutoka hapo. Ukiweka faharasa ya upekee juu yake utaweza kulihuisha kwa chaguo la CONCURRENTLY bila kuwafungia wanaolisoma.

---

fundi_wa_seva

Niseme kidogo kuhusu njia ya kwanza, ya majedwali halisi kwa kila mtumiaji, kwa kuwa imepitwa haraka. Ina hadhi yake. ODK Aggregate, seva ya zamani ya kukusanyia fomu za simu, ilijenga majedwali kwa kila fomu iliyopakiwa, na watafiti wengi walipenda jinsi walivyoweza kuifungua hifadhidata na kuona safu zenye majina yanayoeleweka. Maulizo ni ya kasi, aina za data zinalindwa na hifadhidata yenyewe, na zana yoyote ya ripoti inaelewa.

Kuongeza safu kwenyewe si kazi nzito. Tangu toleo la 11 la mwaka 2018, PostgreSQL huongeza safu hata yenye thamani ya msingi isiyobadilika bila kuandika upya jedwali zima. Kinachoumiza ni kufuli, yaani kulizuia jedwali lisitumiwe na wengine kwa muda. ALTER TABLE inahitaji kufuli kali kuliko zote, na ikikuta ripoti ndefu inaendelea kusoma jedwali hilo, itasubiri. Wakati inasubiri, kila ulizo jipya juu ya jedwali hilo hupanga foleni nyuma yake. Katibu mmoja anaongeza swali saa nne asubuhi, na makarani wote wa chama wanaona mfumo umeganda. Mtu anayechagua njia hii lazima aweke lock_timeout, yaani muda wa kusubiri kufuli, iwe fupi na kurudia jaribio baadaye.

Kuna mipaka mingine. Jedwali haliwezi kuzidi safu 1600, na safu iliyofutwa bado inahesabiwa, hivyo chama kinachoongeza na kufuta kila msimu kinaukaribia mpaka huo bila kuona. Jina lolote likizidi baiti 63 hukatwa, na maswali ya fomu yana majina marefu. Majedwali yakiwa maelfu kwa maelfu, orodha ya ndani ya hifadhidata hukua, kila muunganisho hubeba kumbukumbu kubwa zaidi, na pg_dump, zana ya kunakili hifadhidata, huchukua muda kwa kuwa lazima ilifungie kila jedwali kufuli yake. Na linaloniogopesha zaidi: akaunti inayotumiwa na programu ya kila siku lazima ipewe mamlaka ya kubadilisha muundo, huku jina la safu likitoka kwa mtumiaji. Kosa moja la kutunga amri hiyo linafungua mlango wa kuingiziwa amri za uharibifu.

Ningeichagua kwa wateja wachache na wakubwa. Kwa mamia ya vyama vidogo kwenye seva moja, hapana. Hata Salesforce, kampuni ya programu za biashara za mtandaoni yenye wateja wengi kuliko sisi sote hapa, haikuwajengea wateja wake majedwali. Usanifu wake uliochapishwa mwaka 2009 unaeleza jedwali moja pana lenye safu za jumla takriban 500, ambapo kamusi ya metadata, yaani maelezo ya data, ndiyo inayojua kwamba kwa mteja huyu safu hii ni tarehe na kwa yule ni bei.

---

msanidi_kusini

Nawashukuru sana. Naona jsonb pamoja na majedwali ya ripoti ndiyo njia inayotufaa, na mizani na malipo vibaki katika safu halisi.

Swali langu la pili ni la mabadiliko. Chama kimoja katika majaribio kilikuwa na uga wa "umri wa mikorosho" kama maandishi huru, na makarani wakaandika "miaka 10", "kumi", "ya zamani". Sasa katibu anataka uwe namba. Kingine kinataka kufuta uga, kingine kinataka kuligawa swali moja kuwa mawili. Na simu za makarani hukaa siku kadhaa vijijini bila mtandao, hivyo fomu ya zamani huendelea kufika baada ya mpya kutangazwa. Haya yanashughulikiwa vipi?

---

karani_wa_data

Ndugu msanidi, hili swali lako la pili ni zito kuliko la kwanza. Mahali pa kuhifadhi thamani panaweza kubadilishwa kwa wikendi moja ya kazi. Ufafanuzi wa nyuga ukiwa mbovu, data ya misimu yote iliyopita inakuwa haina maana, na hakuna aina ya safu itakayoiokoa. Kwa hiyo majedwali yako ya ufafanuzi, yaani fomu, matoleo ya fomu, nyuga, na orodha za majibu, yapewe uangalifu kuliko jedwali la majibu yenyewe. Haya yasiwe jsonb. Yawe majedwali ya kawaida yenye funguo za kigeni na masharti yote.

Uga uwe na utambulisho usiobadilika milele, na ndani ya jsonb ufunguo uwe utambulisho huo. Ukiandika ufunguo kwa maneno ya swali lenyewe, siku katibu atakaporekebisha "Idadi ya mikorosho" kuwa "Idadi ya mikorosho inayozaa" utakuwa na nyuga mbili zisizojuana. Maneno ya swali ni sifa ya uga, yanaweza kubadilika hata kila msimu, na hata kuwa na Kiswahili na Kiingereza kwa pamoja. Ila hapa papo jambo la kupima kwa busara: mfano huo nilioutoa umebadilisha pia maana, kwa sababu mikorosho michanga haihesabiwi tena. Mfumo hauwezi kulitambua hilo. Katibu anapohariri maneno, aulizwe wazi kama anarekebisha lugha au anauliza kitu kingine, na akisema kitu kingine, uzaliwe uga mpya.

Aina ya uga isibadilishwe kamwe baada ya fomu kutangazwa. Umri wa maandishi na umri wa namba ni nyuga mbili. Uga mpya uanzishwe ukiwa na kumbukumbu kwamba umechukua nafasi ya ule wa zamani, kisha mfumo unakili yale yanayogeuzika bila shaka, kama "miaka 10", na yale ya "ya zamani" uyaweke katika orodha ya kushughulikiwa na mtu. Usikisie kwa niaba ya karani. Kugawa swali kuwa mawili ni vivyo hivyo. Kufuta uga kuwe kuustaafisha tu: hauonekani kwenye fomu mpya, lakini majibu yake na ufafanuzi wake vinabaki.

Kuhusu simu zisizo na mtandao, kila toleo la fomu likishatangazwa lisiguswe tena, na kila rekodi inayofika ibebe namba ya toleo ililojazwa. Seva ikipokea rekodi ya toleo la 3 wakati la 5 limekwisha kutangazwa, iikague kwa masharti ya toleo la 3 na kuipokea. Karani aliyetembea hadi shambani Tandahimba hawezi kuambiwa kwamba kazi yake imekataliwa kwa sababu katibu aliongeza swali akiwa njiani. Ukaguzi ufanyike mara mbili, kwenye simu na kwenye seva, kwa kutumia ufafanuzi ule ule, kwa sababu simu yenye programu ya zamani haiaminiki.

Majibu ya kuchagua yahifadhiwe kwa msimbo. Ukiruhusu maandishi utapata "ndiyo", "ndio", "NDIO" na "N", na kila ripoti itahesabu vinne. Vipimo navyo viwe sehemu ya ufafanuzi wa uga. Gunia la chama kimoja si gunia la kingine, debe vivyo hivyo, na kama ufafanuzi hausemi ni kilo ngapi, jumla ya mkoa itakuwa namba isiyo na maana yoyote.

Kuna jambo moja katika ulizo lako la mwanzo ambalo halijaguswa: "ambao hawajachukua salfa". Ufunguo wa salfa ukikosekana katika hati, je, mkulima hakuchukua, hakuulizwa, au aliulizwa na karani akaruka? Hali hizi tatu zitofautishwe tangu siku ya kwanza. Toleo la fomu hukuambia kama aliulizwa. Thamani tupu iliyoandikwa wazi hukuambia kwamba swali lilirukwa. Sifuri hukuambia kwamba hakuchukua. Mfumo ukichanganya haya, katibu atawafuata wakulima ambao hawakuwahi kuulizwa, na wao ndio watakaoacha kuuamini.

Mwisho kwa upande wangu, wekeni maktaba ya nyuga za pamoja. Jinsia, mwaka wa kuzaliwa, ukubwa wa shamba kwa ekari: visitungwe upya na kila chama. Katibu anapoanza kuandika swali jipya, aonyeshwe kwanza yaliyomo katika maktaba. Uga unaotumiwa na vyama vingi, au unaoanza kuingia katika hesabu ya malipo, upandishwe kuwa safu halisi. Uamuzi huo mwachieni mtu anayeyajua mazao, msiuache kwa programu.

---

fundi_wa_seva

Naongeza moja lililonijia niliposoma kuhusu nyuga zinazotungwa na watumiaji. Mtamruhusu katibu kuuliza chochote, na siku moja atauliza namba ya kitambulisho cha taifa, hali ya afya ya mkulima, au alama za vidole. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 ilianza kutumika Tanzania Mei 1, 2023, na Kenya ina yake ya mwaka 2019. Zote zinamtaka anayekusanya awe na sababu na azilinde taarifa hizo. Kwa hiyo ufafanuzi wa kila uga uwe na alama ya unyeti, na uga wenye alama hiyo usihifadhiwe pamoja na majibu mengine. PostgreSQL hutoa ruhusa kwa jedwali na kwa safu, na inaweza kuchuja rekodi, lakini haina ruhusa kwa ufunguo mmoja ulio ndani ya jsonb: mwenye haki ya kuisoma safu hiyo anaisoma yote. Nyuga nyeti ziende katika jedwali la pili lenye ruhusa zake, lisiloingizwa katika majedwali ya ripoti wala katika nakala mnayompa msanidi mpya afanyie majaribio.